Albumini kwenye mkojo isomwe kama kipimo cha moyo

Mwenye kisukari au presha akikutwa na albumini, protini ya damu, kwenye mkojo, mara nyingi huelezwa habari za figo tu. Hapo anakosa nusu ya majibu yake. Albumini hiyohiyo inaashiria hatari ya mshtuko wa moyo, kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi, hata kama figo bado zinachuja vizuri. Utafiti wa HOPE uliochapishwa mwaka 2001 uliliona hilo kwa wenye kisukari na hata kwa wasio nacho.

Chanzo ni utando wa ndani wa mishipa midogo ya damu. Ukiharibiwa na sukari, presha au sigara, protini huanza kupenya. Mwilini kote uvujaji huo umejificha. Kwenye figo unajitokeza kwa sababu unaishia kwenye mkojo.

Kipimo cha kuomba ni uwiano wa albumini kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo. Aliyekunywa maji mengi mkojo wake huwa mwepesi na albumini huonekana kidogo, lakini kreatinini nayo hupungua kwa kadiri hiyohiyo, kwa hiyo uwiano haubadiliki sana. Kijiti cha kawaida cha protini kinachochovywa kwenye mkojo hakitoshi, kwani viwango vya mwanzo hukipita bila kubadili rangi.

Sampuli nzuri ni mkojo wa kwanza wa asubuhi, ukingwe ule wa katikati ya kukojoa. Mazoezi mazito ndani ya saa 24 zilizotangulia, homa, maambukizi ya njia ya mkojo na hedhi huweza kupandisha majibu, hivyo ni heri kuahirisha. Mkojo usipopimwa siku hiyo, uwekwe kwenye friji, nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi. Ukigandishwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, albumini huweza kupungua na majibu yakadanganya. Jibu moja la juu halitoshi kumpa mtu ugonjwa: sampuli mbili kati ya tatu ziwe juu, ndani ya miezi 3 hadi 6. Mzee aliyekonda, mwenye misuli midogo, hutoa kreatinini kidogo, na uwiano wake hupanda bila albumini kuongezeka. Mwenye misuli mikubwa ni kinyume chake.

Chini ya miligramu 30 za albumini kwa gramu ya kreatinini huandikwa "kawaida", 30 hadi 300 imepanda, zaidi ya 300 imepanda sana. Mpaka huo wa 30 ndio unaonikera. Hatari ya moyo huanza kuongezeka mapema, kwenye 10 hivi. Maabara iandike namba yenyewe, na daktari ailinganishe na ya mwaka uliopita. Kikokotoo cha hatari ya moyo cha PREVENT cha Marekani, cha mwaka 2023, kina nafasi ya kuiingiza namba hii, ingawa si lazima. Mimi ningeilazimisha kwa kila mwenye kisukari au presha. Vipimo vipya vinavyosoma mamia ya vipande vya protini kwenye mkojo vinavutia, ila vinadai mashine ghali. Uwiano huu uko tayari sasa.

Albumini ikithibitika, dawa za presha kama ramipril au losartan huishusha, na empagliflozin, dawa ya kisukari, huongeza kinga ya moyo na figo. Ukianza ramipril au losartan, potasiamu na kreatinini ya damu zipimwe ndani ya wiki 2 hadi 4. Mjamzito asipewe ramipril wala losartan.