Kila Mtu Nakuru Ana Dawa ya Kutu

Nina gari aina ya Land Rover Series III, la mwaka 1974, ambalo kwa sasa halina magurudumu, halina bodi na, kwa kauli ya mama watoto, halina maana. Limekaa juu ya matofali nyuma ya nyumba yetu hapa Nakuru kwa miezi minane, na muda wote huo nimekuwa nikitafuta jibu la swali ambalo nililidhania kuwa jepesi, yaani nipake nini kwenye chasisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ili kutu isiimalize kabla yangu.

Ningekuwa na gari la kawaida pengine nisingejua uchungu huu. Land Rover zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo baada ya vita na aluminiamu ilikuwa ikipatikana, kwa hiyo bodi zikatengenezwa kwa aluminiamu, lakini chasisi ikabaki ya chuma, na desturi hiyo ikaendelea hadi kwenye gari langu. Matokeo yake ni kama mtu aliyevaa koti zuri la mvua huku akikanyaga matope pekupeku. Kabla sijalivua bodi, juu gari langu lilikuwa liking'aa hata majirani wakinipongeza. Chini ni msiba.

Msiba wenyewe niliuona siku fundi alipokuja na nyundo ndogo na bisibisi. Alianza mbele, akigonga polepole kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa, na chuma kikajibu ngo, ngo, ngo, nami nikaanza kutabasamu. Alipofika kwenye boriti ya nyuma, sauti ikageuka kuwa pu. Akanitazama. Akaweka ncha ya bisibisi, akasukuma kwa kidole gumba tu, nayo ikaingia hadi kwenye mpini kama kisu kinavyoingia kwenye parachichi lililoiva. Alipoichomoa, udongo mwekundu mkavu ukaanza kumiminika kutoka ndani ya chasisi, nusu karai nzima, nao bila shaka ulikuwa udongo wa Molo, kwa sababu gari hili lilitumika miaka mingi katika shamba la pareto na kondoo huko. Kumbe nilinunua gari na robo shamba bila kujua.

Kuanzia siku hiyo washauri wakaanza kumiminika kuliko huo udongo.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye huuita "dawa ya wazee" mchanganyiko wa oili chafu na dizeli. Alinihakikishia kwamba yeye huipulizia gari lake kila mwaka na halijawahi kuota kutu. Kwa heshima ya umri wake nikapaka upande mmoja. Sikujua kwamba oili hulainisha na kuvimbisha bushi, zile pete za mpira za kwenye springi, na wala sikukumbuka ninaishi wapi. Hili ni jiji ambalo jina lake husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la vumbi, na wakati wa kiangazi upepo ukivuma huja na vumbi hilo. Kwa siku tatu chasisi ilikusanya kila kilichoruka hewani, ikawa imepakwa uji mweusi. Siku ya nne mbwa wetu alilala chini yake, akaamka, akaenda kujipangusa kwenye shuka zilizoanikwa. Mazungumzo yaliyofuata kati yangu na mama watoto sitayaandika hapa.

Fundi naye alitaka rangi ya lami. "Bosi, hii inafunika kila kitu," aliniambia, na mimi nikamjibu kwamba hapo ndipo penye tatizo. Lami ikizeeka hukauka na kupasuka nyufa, maji yakapenya, yakakaa chini yake bila kuonekana na mtu, na chuma kikaendelea kuoza kwa staha. Kwenye kona moja ya chasisi nilibandua kipande cha lami ya zamani kikatoka kizima kizima pamoja na tabaka la chuma lililokuwa limeshikamana nacho.

Muuzaji wa duka la rangi alinishauri nichukue redoksaidi, ile rangi nyekundu ya kutangulizia kwenye chuma, galoni mbili, na nisijisumbue zaidi. Niliporudi nyumbani nikasoma maandishi ya kwenye mkebe na kugundua kwamba ule wekundu ni oksaidi ya chuma, ambayo kwa Kiswahili cha nyumbani ni kutu. Yaani nilikuwa nimetoa pesa kununua kutu ya dukani ili nipake juu ya kutu niliyopewa bure! Ni praima halali, yaani rangi ya kwanza, sikatai, lakini peke yake bila rangi ya juu hupitisha unyevu, na mtu aliyeniuzia alijua hivyo.

Shemeji yangu wa Nairobi, ambaye hupenda vitu vinavyopendeza machoni, alisisitiza rangi ya unga, ile inayopuliziwa kwa umeme na kuokwa kwenye joko kwa joto la nyuzi zipatazo 200. Inapendeza kweli. Lakini barabara za huku kwetu zina mawe, na jiwe moja likiibandua, maji hutambaa chini yake kama mpangaji asiyelipa. Isitoshe, chasisi hii ni ya mabomba ya mraba yaliyo wazi ndani, na ule unga haufiki ndani, ambako ndiko kutu ilikoanzia.

Aliyenishangaza ni mama watoto. Alikuwa akipepeta mchele wala hakuinua macho. "Mabati ya choo cha mama yamenyeshewa tangu sijaolewa. Kwa nini hilo gari usilifanye kama mabati?" Nilitaka kucheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ametaja dawa iliyo bora kuliko zote. Mabati hulindwa na zinki, na chasisi pia inaweza kusafishwa kwa asidi na kuzamishwa katika zinki iliyoyeyushwa kwa joto la nyuzi 450 hivi, ikaingia ndani na nje, na hata mahali palipokwaruzwa zinki ikaliwa kwanza na chuma kikabaki salama. Lakini chasisi ni ndefu, na bwawa la kuitosha nililolipata lilikuwa Nairobi, takriban kilomita 160 kutoka hapa. Ni lazima pia kutoboa matundu ya kutosha, kwa maana hewa au maji yakifungiwa ndani ya chuma kinachozamishwa, chuma hicho kinaweza kulipuka, na joto lenyewe linaweza kukipinda kikarudi kama mgongo wa ngamia. Nilipotajiwa bei nilimwomba mhusika arudie, akarudia, na haikupungua.

Basi nikaamua. Fundi akate palipooza na kuchomelea chuma kipya, tuzibue matundu ya kutolea maji ambayo udongo wa Molo ulikuwa umeyaziba, tusugue kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha nje tupake epoksi, rangi ngumu ya kuchanganya, na ndani tupulizie mafuta ya sufu ya kondoo kwa mpira mrefu, kwa kuwa hayakauki na hutambaa hadi kwenye pembe. Kondoo walilipanda gari hili miaka mingi bila nauli, sasa walipe.

Epoksi niliyonunua huja katika mikebe miwili, rangi na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, vipimo vinne kwa kimoja, na ukishavichanganya huanza kupata moto na kuganda, hakuna kurudi nyuma. Jumamosi iliyopita nilichanganya mkebe mzima, nikapaka mkono mmoja wa chasisi kwa madaha, ndipo nikaitwa ndani nibadilishe mtungi wa gesi. Gesi ikazaa kiti kilicholegea, kiti kikazaa chai, na chai ikazaa taarifa ya habari. Niliporudi mkebe ulikuwa wa moto kama sufuria ya ugali, na brashi yangu mpya ilikuwa imesimama katikati yake wima, imara, kama bendera ya shule.

Kwa sasa mkebe huo unazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo, na mama watoto anasema ni kitu cha kwanza cha gari hili kufanya kazi tangu lije. Jumamosi ijayo nitachanganya robo, na gesi nimeibadilisha mapema.