Kinanda cha Analogi Kipigwe, Kisifunikwe Kitambaa

Mwenye Juno-106, kinanda cha analogi kinachounda sauti kwa saketi za umeme, hapa Dar es Salaam akiifunika kitambaa na kuiweka sebuleni kama pambo, anaidhulumu. Kampuni ya Roland ya Japani iliitoa mwaka 1984 kwa ajili ya wanamuziki, na jukwaani bado ina kazi ya kufanya.

Ya kwangu naipiga karibu kila siku. Wenzangu huniambia siku hizi kompyuta ina programu zinazoiga sauti ile ile kwa bei ndogo. Zinaiga vizuri kweli. Lakini kwenye Juno kila slaida, kile kidude cha kusogeza juu na chini, iko wazi mbele yako: mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unafungua filta, kichujio cha sauti, taratibu mwimbaji anapopanda. Tena ni lazima, maana kinanda hiki hakitofautishi kidole kilichogonga kwa nguvu na kilichogusa tu. Hisia unazitia kwa slaida.

Halafu kina sauti sita tu kwa wakati mmoja, yaani noti sita. Noti zenye mkia mrefu zikirundikana, mpya inainyang'anya nafasi ile inayofifia. Kuna wanaoita kasoro. Kwangu ndiyo nidhamu inayotakiwa kwenye bendi ya dansi. Gitaa la solo, la ridhimu na la besi yameshajaa, na mpiga kinanda anayeshusha vidole kumi anawaziba wenzake. Noti tatu, korasi, kile kikolezo kinachonenepesha sauti, ikiwa imewashwa, zinatandika chini ya magitaa yote.

Joto letu halinitishi. Vinanda vingi vya analogi vilivyoitangulia hupotea tyuni hewa ikipata moto. Kwenye Juno-106 mitetemo inayozaa noti inaongozwa kidijitali, kwa hiyo hata Februari, fulana imelowa jasho, tyuni haiyumbi. Maadui wa hapa ni vumbi, unyevu wa bahari na umeme. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 230 zetu, umeiua. Tafuta transfoma kwanza. Umeme ukikatika, chomoa, maana unaporudi huja kwa kishindo.

Ugonjwa wake mkubwa uko kwenye chipu za sauti, 80017A, zilizofunikwa kwa epoksi, gundi ngumu, ambayo miaka ikipita huziharibu. Kwa kuwa katika hali yake ya kawaida kinanda hugawa noti kwa zamu kwenye sauti zake sita, kila moja na chipu yake, piga noti ile ile mara sita mfululizo: chipu moja ikiwa mbovu, mara moja kati ya hizo itakoroma au itanyamaza. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuiuza kama chuma chakavu, jambo linaloniumiza sana. Chipu hizo zikilowekwa kwenye asetoni, kimiminika cha kulainisha gundi, mpaka epoksi ibanduke, nyingi hufufuka. Zikigoma, kuna mbadala mpya zinazotengenezwa hadi leo.

Wala si lazima kuisafirisha Ulaya. Fundi makini wa Kariakoo, anayefumua amplifaya na kuzirudisha zikiwa nzima, kazi hii anaiweza. Kitabu cha ufundi chenye michoro yote ya saketi kipo. Mpelekee, kaa naye meza moja mtafute chipu inayokoroma, mlipe vizuri, kisha kirudishe kinanda mazoezini.