Anayefurahia daladala hajakosea sana

Watalii wanaoifurahia daladala ya Dar es Salaam husemwa sana: eti wanageuza adha ya wenzao kuwa burudani. Hoja hiyo ina uzito. Mgeni hupanda saa nne asubuhi, siti zipo, na akichoka anaita bajaji. Anayetoka Gongo la Mboto, pembezoni mwa jiji, saa kumi na mbili alfajiri hana hiari hiyo.

Hata hivyo, anachokishangilia mgeni kipo kweli. Ratiba hakuna, utaratibu upo. Kibao cha mbele kinataja mwanzo na mwisho wa ruti, na mstari wa rangi ubavuni unalitambulisha gari kwa mzoefu kabla maandishi hayajasomeka. Nauli hailipwi mlangoni. Konda akichezesha sarafu kiganjani ndipo unatoa, na afadhali iwe noti ndogo. Kichwani anahifadhi nani kalipa, nani anadai chenji, nani anashuka Tazara, huku akigonga bodi kumpa dereva ishara. Aliyebanwa nyuma aseme "Shusha!" mapema, maana kupenya hadi mlangoni ni kazi. Huo ni ujuzi, na kuufurahia si kumdharau mtu.

Asichokiona mgeni ni hesabu ya tajiri, yaani kiasi maalumu anachopelekewa mwenye gari kila siku. Dereva na konda wengi hawana mshahara: wanapeleka hesabu, wanajaza mafuta, kinachobaki ndicho chao. Ukishika hilo, vituko vingi vinaeleweka. Gari linakaa kituoni mpaka lijae, kisha linakimbizana na la mbele kuwahi abiria. Mwanafunzi anazuiwa mlangoni kwa kuwa siti anayokalia ni ileile ila nauli yake ni pungufu.

Kibaya zaidi ni kukatisha ruti, jambo ambalo wengi huliona kama ukorofi tu. Asubuhi umati unaelekea mjini; gari linalorudi pembezoni linakwenda nusu tupu na kula mafuta yaleyale. Basi kibao kinasema Gongo la Mboto, konda anaita "Banana! Banana!", kituo kilicho kabla ya mwisho, na gari linageuzia hapo. Wa mbele ya Banana analipa nauli ya pili. Anayesubiri mwisho wa ruti naye haoni gari, hivyo anachukua bodaboda kulifuata Banana, ambako tayari ndani wamo watu waliolipa kulipanda likiwa linakwenda, wageuze nalo ili wapate siti. Kabla ya kupanda uliza: "Mnafika mwisho?" Faini nazo hazitoshi, kwani kama ni ndogo kuliko faida ya kugeuza mapema, konda anaihesabu kama mafuta.

Mwendokasi, usafiri wa mabasi ya haraka yenye njia yake, ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na mjini, hauna hesabu ya namna hiyo, wala dereva wake hana sababu ya kugombea abiria. Lakini mabasi yakipungua, watu wanafurika vituoni, na Jangwani ikijaa maji huduma inasimama. Daladala huzunguka njia nyingine ikaendelea.

Kwa hiyo kuzilaumu kelele za konda ni kupoteza shabaha. Cha kubadilisha ni malipo yake, na hapo ugumu uko kwa mwenye gari: pasipo tiketi hawezi kujua siku imeingiza kiasi gani, na hesabu ndiyo njia pekee ya kupata chake bila kukaa ndani ya gari kutwa nzima.