Hidrojeni kwenye magari: Serikali iendelee kulipia utafiti, au iache?

Mwaka 2009 Waziri wa Nishati wa Marekani, Steven Chu, mwanafizikia mwenye tuzo ya Nobel, alipendekeza kufyeka fedha za utafiti wa magari ya hidrojeni. Miaka 6 kabla yake, Rais George W. Bush alikuwa ametangaza mpango wa dola bilioni 1.2 kwa teknolojia hiyo hiyo. Chu alitaja vikwazo vinne: namna ya kuitengeneza hidrojeni, kuihifadhi ndani ya gari, kuisambaza nchi nzima, na ubora wa seli inayoigeuza kuwa umeme. Ukivuka vitatu na kimoja kikabaki, gari haliendi sokoni. Bunge la Marekani halikukubaliana naye, likazirudisha fedha.

Swali lile lile sasa liko kwenye meza zetu hapa Dar. Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani (inayotengenezwa kwa umeme usiochafua hewa) mwaka 2023, Namibia imeifanya hidrojeni kuwa moja ya matumaini makubwa ya uchumi wake, na sisi tuna gesi asilia, tuna Bwawa la Nyerere, tuna vyuo. Tunacho pia chombo cha kugawa fedha za utafiti, Costech, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Tatizo ni kwamba lengo letu la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti hatujawahi kulifikia. Fungu likiwa dogo hivyo, kila shilingi inayokwenda kwenye jambo moja imeondolewa kwenye jingine.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Utafiti wa hidrojeni uendelee, lakini gari dogo la abiria litolewe kwenye orodha.

Tuanze na uniti, maana kila mwenye luku anazijua. Kutengeneza kilo 1 ya hidrojeni kwa kuyapasua maji kwa umeme kunakula uniti 50 hadi 55. Hapo hujahesabu umeme wa kuishindilia gesi hiyo hadi mgandamizo wa bar 700 unaotakiwa kwenye tangi la gari. Kilo hiyo 1 inaisogeza Toyota Mirai, gari dogo la hidrojeni, kama kilomita 100. Uniti 55 hizo hizo ukizichaji moja kwa moja kwenye betri ya gari la umeme la ukubwa wa kawaida, litatembea karibu kilomita 300. Wahandisi hawana kosa hapa. Umeme unageuzwa hidrojeni, kisha hidrojeni inageuzwa tena umeme ndani ya gari, na kila hatua inapoteza nishati kama joto. Utafiti unaweza kuipunguza hasara hiyo, lakini hauwezi kuimaliza.

Wapo wanaohofia maji, hasa sisi tuliopitia mgao wa mwishoni mwa 2022 pale Ruvu ilipopungua. Hofu hiyo naona si ya msingi. Kilo 1 ya hidrojeni inahitaji takriban lita 9 za maji kwa mahesabu ya kemia, na hata ukiongeza maji ya kusafishia na kupoozea mitambo, kinachouma zaidi ni umeme.

Wengine watasema: tuitengeneze kwa gesi yetu basi. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya hidrojeni duniani inavyotengenezwa, na kila kilo 1 inaacha kilo 9 hadi 10 za kaboni dioksidi hewani. Gesi hiyo tayari tunajua kuitia kwenye gari bila kuigeuza kitu kingine, na hapo ndipo penye somo kubwa kwetu kuliko yote ya Marekani.

Gesi ya Songosongo ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004. Miaka 20 baadaye, mwaka 2024, bajaji na IST zilikuwa bado zinapanga foleni ya saa nyingi kwenye vituo vichache vya gesi jijini. Dereva aliyefunga mfumo wa gesi kwenye IST anaujua ukweli ambao haumo kwenye mawasilisho ya semina: mtungi umekaa kwenye buti, begi la mteja wa Airport linapanda kiti cha nyuma, na akiba ya mafuta aliyoipata kwa siku inaliwa na muda aliopoteza kwenye foleni. Huo ni mtungi wa bar 200, wa gesi iliyokwisha kufika mjini kwa bomba, na teknolojia ambayo mafundi wa DIT wanaifunga kwenye magari kila siku. Ikiwa usambazaji wa gesi hii umetushinda kwa muda wote huo, vituo vya bar 700 vya gesi nyepesi kuliko zote duniani, inayoweza kupenya na kudhoofisha baadhi ya vyuma, tutavijenga kwa fedha gani na kwa ajili ya nani?

Wenye fedha nao wamekwama. Japani ililenga magari 40,000 ya hidrojeni barabarani ifikapo 2020, ikaishia na elfu chache. Februari 2024 Shell ilitangaza kufunga vituo vyake vya hidrojeni vya magari madogo California. Julai 2025 kampuni ya magari ya Stellantis ilisitisha mpango wake mzima wa magari ya hidrojeni. Nchi na kampuni hizo hazikukosa mainjinia wala mitaji.

Lakini upande wa pili una hoja nzito, na nisingependa zipuuzwe kwa sababu tu gari dogo limeshindwa. Kwanza ni malori. Lori la kontena likitoka bandarini kwenda Tunduma linatembea zaidi ya kilomita 900, na katikati linapanda Kitonga likiwa na mzigo. Betri ya kulifikisha huko bila kusimama ina uzito wa tani kadhaa, na kila tani ya betri ni tani ya shaba au ya mbolea iliyoachwa. Hidrojeni inajazwa kwa dakika na tangi lake halikuli uzito kiasi hicho. Hoja hii nilikuwa naiona imara zaidi kabla malori mazito ya betri hayajaanza kuongezeka kwa kasi China. Na reli ya TAZARA nayo inatoka Dar mpaka Tunduma. Hata hivyo suala halijafungwa, na utafiti mdogo unaolipima kwenye barabara yetu, kwa joto letu na milima yetu, una thamani.

Pili ni umeme wa ziada. Bwawa la Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mwaka 2024 Tanesco ililazimika kuzima baadhi ya mitambo kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Kuugeuza umeme huo kuwa hidrojeni kunasikika vizuri. Ugumu wake ni kwamba mtambo wa kupasua maji ni ghali, unarudisha gharama ukifanya kazi saa nyingi kwa mwaka, wakati umeme wa ziada unakuja msimu wa mvua na kuondoka. Kabla ya hapo kuna mitaa ya Mbagala na Goba inayokatiwa umeme kwa sababu ya nyaya na transfoma, na nguzo ni bei rahisi kuliko mtambo huo wa kupasua maji.

Hoja ya tatu ndiyo inayonizuia kusema tuache kabisa. Fedha za Marekani zilizookolewa na Bunge mwaka 2009 zililenga gari la familia, lakini seli za hidrojeni leo zinaendesha makumi ya maelfu ya fokolifti kwenye maghala ya nchi hiyo, mahali ambapo kujaza kwa dakika mbili tatu kuna maana na kituo kimoja kinatosha. Utafiti ulipata kazi pengine. Kijana aliyesoma kemia ya vichocheo kwa fedha za hidrojeni anaweza kesho kufanya kazi ya mbolea, maana amonia inayotengenezewa mbolea inatokana na hidrojeni, na mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopaa Serikali ililazimika kutoa ruzuku. Ukiivunja maabara, kijana huyo anaondoka, na bajeti ya mwaka ujao haimrudishi.

Kwa hiyo ningependa kuona fungu likielekezwa kwenye mambo matatu. Kubwa zaidi liwe amonia ya mbolea. La pili ni usalama: moto wa hidrojeni mchana hauonekani vizuri kwa macho, na siku mzigo wa kwanza utakapopita bandari ya Dar, mtu wa Zimamoto na mkaguzi wa TBS wanapaswa kuwa wamekwisha kufundishwa na wataalamu wa hapa hapa. La tatu ni malori ya masafa marefu, kwa kiasi kidogo, matokeo yakichapishwa kila mwaka kwa Kiswahili ili mlipakodi ayasome. Hilo la malori nusu ya gharama itoke kwa wasafirishaji wenyewe, na lisipopata mchangiaji ndani ya miaka 2, fedha yake ihamie kwenye mbolea.