Lami ndiyo sehemu rahisi: Silverstone na hoja ya njia ya mbio huku Kusini

Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walikuwa na mambo mawili yanayotuhusu. Huku Nachingwea, kusini mwa Tanzania, walikuwa wanafyeka pori walime karanga. Kwao walikuwa na viwanja vya ndege vya kijeshi chungu nzima ambavyo vita ilipokwisha havikuwa na kazi tena. Mpango wa karanga ulikufa mwaka 1951, na reli iliyotoka Mtwara hadi Nachingwea nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kimoja kati ya vile viwanja vyao, Silverstone, hadi leo hufurika watu kila mbio za langalanga zinapofika Uingereza.

Wapenda mbio wa Mtwara na Lindi huishika habari hii kama ushahidi kwamba nasi tunaweza kuwa na njia ya mbio. Wao walianza na kiwanja cha ndege kilichobaki bila kazi, nasi tuna viwanja vya wilaya vinavyopita siku bila kuona ndege. Tushindwe na nini? Upande wa pili hujibu kwamba mkoa unaohangaika na barabara za korosho hauna haki ya kumwaga lami mahali pa kuzungukia tu. Kila upande una ukweli wake, lakini wote wawili hukosea palepale: huichukulia lami kuwa ndiyo njia ya mbio.

Silverstone kilifunguliwa mwaka 1943 kwa ajili ya kufundishia marubani wa ndege za mabomu aina ya Wellington. Kilijengwa kwa ramani iliyotumika sana wakati ule: njia tatu za kurukia ndege zinazokatana kwa umbo la pembetatu, kubwa ikiwa na urefu wa kama mita 1,830 na upana wa mita 46, na kuizunguka pembetatu yote kuna barabara ya pembeni yenye upana wa mita 15 hivi, ambayo ndege hupitia kwenda kuegeshwa. Mwaka 1948 klabu ya magari ya Uingereza, RAC, ilikikodi. Mkulima mmoja, James Brown, akapewa kama miezi miwili kukiandaa. Alipanga mapipa ya mafuta na marobota ya nyasi kavu kuonyesha kona, na tarehe 2 Oktoba 1948 Luigi Villoresi akashinda akiwa na Maserati, mbele ya umati uliokadiriwa kufika watu 100,000.

Ramani ya siku ile ilikuwa ya hatari kweli. Magari yaliingia kwenye njia za ndege kutoka pande mbili, yakawa yanakuja uso kwa uso hadi katikati ya uwanja, kisha kila upande ukakata kona kali kabla ya kukutana. Ilibidi turubai zitundikwe katikati ili madereva wasione wenzao wanaowajia. Mwaka uliofuata waandaaji waliziacha kabisa njia za ndege na kubaki na barabara ya pembeni. Hiyo barabara ya pembeni ndiyo iliyokuja kuwa Silverstone. Ndiyo aliyoshindia Giuseppe Farina na Alfa Romeo tarehe 13 Mei 1950, Mfalme George wa Sita akiwepo, katika mbio za kwanza kabisa za ubingwa wa dunia wa madereva. Ndiyo pia aliyoipatia Ferrari ushindi wake wa kwanza wa ubingwa huo José Froilán González, Julai 1951.

Hapa hoja ya kuiga inapata ufa mkubwa. Kiwanja cha wilaya huku kwetu kwa kawaida ni mstari mmoja, wenye sehemu ya kugeuzia ndege na kieneo kidogo cha kuegesha. Barabara ya kuuzunguka hakuna, kwa hiyo kona hakuna. Anayetaka mzunguko wa kilomita 3 wenye upana wa mita 12, ambao ndio upana wa chini unaopendekezwa kimataifa kwa njia mpya, anahitaji mita za mraba 36,000 za lami. Tabaka la sentimita 5 peke yake ni meta za ujazo 1,800, yaani zaidi ya tani 4,300, kabla hujahesabu kifusi na kokoto za chini. Hayo si matumizi ya kiwanja kilichopo. Huo ni ujenzi mpya kuanzia msingi.

Halafu kuna maji. Mwaka 2018 Silverstone iliwekwa lami mpya, na Agosti mwaka huohuo mbio za pikipiki za MotoGP zikafutwa siku yenyewe kwa sababu maji yalituama juu ya njia. Siku moja kabla, Tito Rabat alivunjika mguu vibaya kwenye kona ya Stowe: alikuwa ameanguka kwa utelezi, na pikipiki nyingine iliyoteleza palepale ikamvamia. Mwaka uliofuata lami ile ilibidi iwekwe upya. Kama uwanja wenye miaka sabini ya uzoefu unaweza kukosea hivyo, sisi tunaopata mvua nzito kuanzia Desemba hadi Aprili hatuwezi kuchukulia mifereji kama nyongeza. Mteremko wa pembeni wa asilimia 2 kwenye upana wa mita 12 ni tofauti ya sentimita 24 kati ya ukingo na ukingo. Ukipungua, maji hubaki. Hata ukitosha, lami iliyotitia sehemu moja tu inatengeneza kidimbwi, na tairi inayokanyaga kidimbwi kwa kasi huelea juu ya maji bila kushika chini.

Kingo za usalama, yaani kuta za kuzuia gari lililotoka njiani, ndizo zinazomaliza fedha. Mwaka 1973 gari lilimshinda Jody Scheckter kwenye kona ya Woodcote, hukohuko Silverstone, mwishoni mwa mzunguko wa kwanza, magari mengi yakagongana na Andrea de Adamich akavunjika mguu. Mwaka 1975 kona ile ikawekewa kona za zigizaga za kupunguza mwendo. Mwaka 1999 breki zilimkatalia Michael Schumacher naye akavunjika mguu kwenye ukuta wa matairi. Mwaka 2022 gari la Zhou Guanyu lilibinuka, likaburuzwa kichwa chini, likaruka ukuta wa matairi na kunaswa na wavu. Alitoka mzima, shukrani kwa upinde wa kukinga kichwa. Karibu kila kizazi cha madereva kimeacha somo pale, na kila somo limedai kona zisukwe upya au kingo zirudishwe nyuma.

Watu hudhani matairi chakavu ni ya bure, kwa hiyo ukuta wake ni wa bure. La. Matairi yanayopangwa bila kufungwa hutawanyika yakigongwa, na gari hupenya chini yake hadi kwenye ukuta wa nyuma. Yanatakiwa kuwa ya ukubwa mmoja, yafungwe kwa bolti nguzo kwa nguzo, safu mbili au zaidi, na mbele yavalishwe mkanda mzito wa mpira ili gari liteleze badala ya kunasa. Ya bodaboda ni mepesi mno, hayafai. Huku kwetu lipo jambo jingine ambalo Silverstone haina haja ya kulifikiria: tairi lililolala hukusanya maji ya mvua, na maji hayo ndiyo makazi ya mbu wa homa ya dengi. Kila tairi litobolewe matundu upande wa chini, la sivyo ukuta wa usalama unakuwa shamba la mbu. Marobota ya nyasi au mabua ya mpunga yasikaribishwe kabisa. Mwaka 1967 huko Monaco marobota yaliuchochea moto uliomuunguza Lorenzo Bandini, akafa siku tatu baadaye.

Wanaopinga wana hoja nyingine yenye uzito: hata ukubwa hauhakikishi faida. Klabu ya madereva, BRDC, inayomiliki Silverstone tangu 1971, ilipata hasara ya pauni milioni 2.8 mwaka 2015 na milioni 4.8 mwaka 2016, kwa sababu ada ya kuandaa mbio ilikuwa inapanda kila mwaka. Mwaka 2017 ilitumia kifungu cha kuvunja mkataba huo wa kuandaa mbio, na ikarudi kwa masharti mapya mwaka 2019. Kama wao walifikia hapo na umati wote ule, halmashauri isidanganywe kwamba tiketi zitalipa deni.

Hata hivyo siwezi kukaa upande wa wanaopinga moja kwa moja. Silverstone imezungukwa na ufundi. Timu ya Mercedes iko Brackley, mwendo wa dakika chache; Aston Martin wako mbele ya lango. Ufundi hukua pale ambapo mtu anaweza kujaribu alichotengeneza bila kuua mtu. Fundi wa pikipiki wa Masasi au Mikindani akifungua kabureta na kubadilisha sproketi, sehemu yake ya majaribio ni barabara kuu, kati ya malori ya korosho, baiskeli na watoto wa shule. Gharama hiyo haimo kwenye bajeti ya yeyote, lakini inalipwa wodini.

Kwa hiyo tuanze na kile ambacho mstari mmoja unaweza kutoa: mbio za mita 402, yaani robo maili ya kunyooka, gari moja moja au mawili kwa saa ya kupimia. Gari dogo lililofika kilomita 150 kwa saa linahitaji kama mita 170 kusimama kwenye lami kavu, dereva akichelewa sekunde moja kukanyaga breki. Panga mita 500 za kusimamia, kwa sababu breki hufa. Watazamaji wakae pembeni, nyuma ya kamba na ukingo, asikae mtu mwishoni mwa njia. Mafuta yakimwagika, mwaga saruji kavu, isubiri inyonye, fagia, na hakuna anayeondoka kabla ya hapo. Gari la wagonjwa likiondoka na majeruhi, mbio zinasimama hadi lirudi au lije jingine.

Na isiwe kwenye kiwanja kinachopokea ndege. Ndege inataka pembeni pasiwe na kizuizi chochote, gari linataka kingo. Kokoto moja au kipande cha chuma kilichoachwa na gari huweza kuharibu injini ya ndege ya wagonjwa kesho yake. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikikataa, itakuwa sahihi. Eneo la changarawe iliyoshindiliwa, nje ya mji, urefu wa kilomita 1, linatosha kwa pikipiki na halihitaji tani hata moja ya lami.

Muda nao ni mfinyu. Juni hadi Agosti wakulima wako kwenye mikorosho wakipuliza salfa. Minada inapoanza Oktoba, fedha zinaingia mifukoni na ardhi bado ni kavu. Mvua zikishaanza Desemba changarawe inalainika, na mwandaaji aliyesogeza tarehe hadi hapo itabidi asubiri hadi Mei.