Kompyuta isiyovunjika na tundu moja la USB

"Mpima, hii ndiyo haivunjiki," bosi aliniambia, akaitua mezani kompyuta nene yenye mkono wa kubebea kama sanduku la fundi. "Zunguka nayo mwezi mzima, halafu uniambie kama ninunue nyingine tatu."

Ofisi yetu ni ndogo, iko Sakina hapa Arusha. Tunapima mashamba na viwanja: wiki hii Longido, wiki ijayo Simanjiro, kazi ikitokea tunavuka hadi Moshi. Katika miaka sita nimezika kompyuta nne. Ya kwanza iliuawa na vumbi. Fundi alipoifungua, feni ilikuwa imevaa blanketi. Ya pili ilikufa kwa mtikisiko wa barabara. Ya tatu ilikwenda na umeme wa jenereta ya kijijini, uliokuwa ukipanda na kushuka kama homa. Ya nne ni chai, na hiyo naomba tusiizungumzie. Hakuna hata moja iliyokufa kwa kuanguka.

Nataja kuanguka kwa sababu ndiko wauzaji wanakoanzia. Ukiulizia kompyuta ngumu, kabla hujakaa utaonyeshwa video ya mtu akiirusha kutoka juu ya gari, akaikanyaga, akaiwasha. Hii yetu ni mtumba wa Ulaya, na muuzaji hakuhangaika na video. Aliidondosha sakafuni mbele ya bosi, tii! Ikawaka. Bosi akatoa pesa. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, maana kuhukumu kiwanda kizima kwa mashine moja iliyotumika miaka saba mikononi mwa mtu mwingine si haki.

Maandishi ya MIL-STD-810 kwenye kasha nayo yanatisha. Ni kiwango cha jeshi la Marekani, kimeanza tangu 1962, na toleo la H lilitoka 2019. Lakini si cheti. Hakuna ofisi ya jeshi inayokagua kompyuta za madukani na kuzigongea muhuri. Ni kitabu cha majaribio ya joto, baridi, mvua, vumbi, mtikisiko, mwinuko na mengineyo, na mtengenezaji huchagua mwenyewe afanye yapi. Kwa hiyo mashine mbili zinaweza kubeba maandishi yaleyale, moja ikiwa imepitia majaribio mengi na nyingine machache tu. Hata hilo la kuanguka lina mambo yake. Mashine huangushwa mara 26, yaani nyuso 6, kingo 12 na pembe 8, kutoka sentimita 122. Kali kweli, mpaka usome kwamba mara hizo 26 zinaweza kugawanywa kwa mashine hadi 5, na kwamba toleo la G la 2008 liliziruhusu zitue juu ya ubao wa inchi 2 uliolazwa kwenye zege. Mawe ya Longido hayajalazwa ubao.

Namba ninayoisikiliza zaidi ni ile ya IP. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na inaishia 6, ya pili ni ya maji. IP53 maana yake vumbi kidogo litapenya na maji ya kunyunyiza yatavumilika. IP65 maana yake vumbi haliingii kabisa, na hata ukielekeza mpira wa bomba, maji hayapiti. Yetu imeandikwa IP65. Tutarudi kwenye hiyo namba.

Safari ya kwanza ilikuwa Terrat. Aliyepita njia ile kiangazi anajua: barabara ina mawimbi kama bati la paa, na Land Cruiser inatetemeka mpaka meno yanagongana. Nyuma tulikuwa na nondo, saruji na mawe ya mipaka, kompyuta ikiwa juu yake bila hata godoro. Mashine za kawaida nilizowahi kubeba hivyo zilifika skruu zimelegea, moja ikafika waya wa kioo umechomoka. Hii ilifika kama ilivyoondoka. Saa nane mchana, nikiwa naingiza pointi juu ya boneti, kisulisuli kikatupitia. Dogo anayenishikia fimbo akavuta kofia usoni, mimi nikageuka mgongo. Nilipogeuka tena kibodi haionekani, ni unga mwekundu mtupu. Niliipindua mashine, nikaipiga mgongoni kama mtu anayekung'uta chekecheo, nikapangusa kwa kanga iliyokuwa kwenye kiti cha dereva, nikaendelea na pointi iliyofuata. Kwa hilo tu nilitaka kumpigia bosi simu aagize hizo tatu.

Ila kilichoniteka moyo ni kioo. Mwanga wa kioo hupimwa kwa niti. Laptopu nyingi za kawaida zina kama 250 hadi 300, na juani ni sawa na kutazama kioo cha kunyolea. Nyingi za mashine hizi ngumu zinafika 1,000 na kupita. Miaka yote hiyo nimekuwa nikijifunika koti kichwani kama mpiga picha wa zamani, naangalia ramani peke yangu, halafu natoka na kuwaambia watu mpaka uko wapi. Mtu aliyetoka chini ya koti haaminiki. Safari hii niliiweka boneti, wazee wa pande zote mbili wakasogea, kila mtu akaona.

"Mgunga wangu uko wapi hapo?" mzee mmoja aliuliza.

Nikamwonyesha. Akanyoosha kidole kuugusa, na kwa kuwa kioo kinaitika kidole, ramani nzima ikateleza kuelekea magharibi.

"Weee! Umeona? Ameuhamisha mpaka!" jirani yake akapiga kelele, na watu wakacheka mpaka wale waliokuja na fimbo wakazilaza chini. Ubishi wa miaka miwili kuhusu korongo ulimalizika pale pale juani, bila mtu kuambiwa "njooni ofisini mtaona". Hakuna karatasi ya mauzo iliyowahi kuniambia kwamba kioo angavu kinapatanisha majirani. Ningeambiwa nichague sifa moja tu ya mashine hizi, ningechukua hiyo na kuyaacha majaribio ya kuangusha yote. Gharama yake ni betri: mwanga ukiwa juu kabisa, saa zangu saba zilishuka zikawa tatu na nusu. Mashine yetu ina betri mbili, unachomoa moja nyingine ikiendelea kufanya kazi. Usinunue isiyokuwa hivyo.

Halafu tukaenda Uru, juu ya Moshi.

Migombani jua si tatizo. Tatizo ni manyunyu yasiyo na haraka, yale ambayo hujui yameanza saa ngapi. Nilikaa kwenye ukuta wa mawe wa kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, nikipakua data kutoka kwenye GPS ya kupimia. Mama mwenye kihamba akaniita, "Mwanangu, ingia ndani, hicho chombo kitalowa." Nikamjibu kwa majivuno, "Usijali mama, hiki hakilowi." Nikaendelea.

Sasa ile IP65. Namba hiyo inapimwa vifuniko vyote vikiwa vimefungwa, vile vya mpira vinavyoziba matundu ya chaja, USB na simu za masikioni. Lakini mimi nilikuwa nimechomeka waya wa GPS kwenye USB. Ili kuchomeka waya lazima ufungue kifuniko, na ukifungua kifuniko unabaki na kompyuta yenye kidonda wazi. Maji yakafuata waya polepole mpaka ndani ya tundu. Mashine haikuzimika, lakini tundu lile halijasoma kitu tena hadi leo. Kosa ni langu, na mama wa Uru aliliona kabla yangu. Ila hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia kwamba kompyuta isiyopitisha maji inapitisha maji pale hasa unapofanya nayo kazi. Kama unapima, unachomeka. Dawa ni GPS inayotuma data kwa Bluetooth, waya ubaki ofisini.

Kwenye mtumba kuna jambo jingine zaidi. Mpira unazeeka. Mashine iliyotoka kiwandani na IP65 miaka saba iliyopita haina IP65 leo, ina kumbukumbu ya IP65. Kuna mbinu niliyoiiba kwa fundi friji: chukua kipande cha karatasi, kibane na kifuniko, kisha kivute. Kikikwama, mpira bado una nguvu. Kikichomoka kama kisu kwenye siagi, hesabu kwamba hapo hakuna mpira. Kati ya vifuniko vitano vya mashine yetu, viwili karatasi ilitoka bila kuombwa. Uliza pia aina ya diski. Zile za zamani zinazozunguka, kichwa chake kinaelea juu ya tabaka jembamba sana la hewa, na nyingi watengenezaji wake wanazipa mwisho wa mita 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapa Sakina hutaona tofauti, lakini wanaobeba kompyuta za utafiti Mlima Kilimanjaro, kituo cha Horombo kiko mita 3,720. Badilisha uweke SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, kabla hujaanza kupanda.

Fundi wangu wa Ngarenaro aliiangalia, akaigeuza, akacheka. "Kaka, kibodi ya laptopu ya kawaida nakupa leo jioni. Ya hii niagize nje, na siku sikuahidi." Chaja nayo ni shida ileile. Toughbook, kompyuta ngumu za Panasonic zilizopo sokoni tangu 1996, nyingi zinataka volti 15.6, wakati laptopu nyingi za watu ni 19 au 20. Kwa hiyo ukiisahau chaja Arusha, huwezi kuazima kwa mwalimu wa kijijini. Na uzito, zaidi ya kilo 3! Dogo ameshaipa jina: Mgeni, kwa kuwa kila mara yeye ndiye anayembebea mizigo.

Nilimwambia bosi hivi: usinunue tatu. Nunua moja tu, nayo ukiweza iwe mpya, kwa sababu unacholipia ni mpira mzima na vifuniko vizima, na hivyo ndivyo mtumba haukupi. Ni kweli mpya za daraja la juu mara nyingi zinavuka dola 3,000. Ndiyo maana nasema moja, ya porini, na wa ofisini wabaki na zao za kawaida. Hela za hizo mbili zinunue GPS ya Bluetooth, stabilaiza ya maana ya kutuliza umeme, na kipande cha godoro cha kulaza nyuma ya gari.

Alinyamaza kidogo, akaishika ile ya mtumba, akaizungusha. "Na hili tundu lililokufa tunalitengeneza lini?"

Nikamwambia hatulitengenezi. Nimeshalijaza nta ya mshumaa. Kwa sasa ndilo tundu pekee kwenye mashine nzima ambalo nina uhakika maji hayapiti.