Tanga 1914: Handaki au Miguu?

Kuna ubishi ambao hapa Tanga hauishi, hasa wanapokutana wastaafu wa jeshi na sisi tuliopita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) tu. Kikosi kidogo kikipewa mahali pa kulinda, kijichimbie mpaka shingoni kisubiri? Au kiweke watu wachache mbele, wengi wakae nyuma, tayari kuhamia popote adui atakapotokeza? Mwisho wa ubishi hutajwa mapigano ya Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na kila upande huyataja kama shahidi wake. Mimi naona kila upande umechukua nusu ya ushahidi na kuiacha nusu nyingine.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, ilifika mbele ya bandari. Kapteni wake alitaka mji usalimishwe, akauliza pia kama majini kumetegwa mabomu. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, aliomba muda, akarudi nchi kavu, akapeleka habari juu kwa wakubwa, kisha akavaa sare ya vita. Nyuma ya Fox zilikuwa zinakuja meli zenye askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Mjini palikuwa na kikosi kidogo tu. Nguvu kubwa ya Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, ilikuwa kwenye njia ya Moshi. Waingereza walishuka Ras Kazone, tarehe 3 wakasogea na kurudishwa, tarehe 4 wakaja wote, tarehe 5 walikuwa wanapanda meli kuondoka. Waliacha nyuma bunduki kwa mamia, bombomu (bunduki za rashasha) kadhaa na risasi zipatazo 600,000. Waliokufa upande wao walikuwa kama 360. Upande wa walinzi, ambao hata walipokamilika walikuwa kama 1,000 hivi, walikufa kama 70.

Wanaosimama na handaki wana hoja nzito, na sipendi inavyobezwa. Kati ya Ras Kazone na mji njia ya reli ilikuwa imekata ardhi na kuacha mtaro mrefu. Anayetoka ufukweni alipita kwenye minazi, mashamba ya mpira na vichaka, haoni mbali, hajui mwenzake wa kushoto yuko wapi, halafu ghafla anajikuta mbele ya mtaro wenye mitutu. Aliyelala ndani yake alifunikwa mwili mzima isipokuwa kichwa na mikono. Asubuhi ya tarehe 3 walinzi walikuwa wachache mno kuweza kupigana uwanjani na batalioni mbili. Bila ule mtaro wasingedumu hata nusu saa, na kombania za Lettow zilizokuwa njiani kutoka Moshi zingeukuta mji umeshachukuliwa.

Wanaosimama na miguu hujibu kwamba mtaro ulichelewesha tu, haukushinda. Nao wana haki. Mchana wa tarehe 4 upande wa kulia wa Waingereza, askari wa Kashmir, Wagurkha na kikosi cha Kiingereza cha Loyal North Lancashire, waliuvuka mtaro, wakaingia mjini, wakapigana nyumba kwa nyumba. Yaani ngome ilikuwa imeshatobolewa. Kilichogeuza siku ni watu ambao hawakuwa mtaroni. Lettow alikuwa ameweka akiba nyuma ya ubavu wake wa kulia, upande ambao mstari wa adui ulikuwa mfupi kuliko wake, na jioni akaitoa ikiwa na bombomu, ikawapiga Waingereza wa kushoto kwa ubavuni. Mstari ule ulikatika na hofu ikaenea hadi pwani.

Tena akiba yenyewe ililetwa na reli. Njia ya Usambara ilikuwa imefika Moshi mwaka 1911, na treni moja ilibeba kama kombania moja kwa safari. Kwa hiyo reli ileile iliyowapa walinzi handaki ndiyo iliyowaletea wenzao. Sijui kwa nini wabishani wetu huitaja mara moja tu, kila mmoja kwa faida yake.

Watu wa miguu wana ushahidi mwingine ambao ungeweza kuwatosha hata bila Tanga. Mei 1889 Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, alijijengea boma la miti karibu na Bagamoyo. Wissmann, kamanda wa Kijerumani, aliliteka tarehe 8 kwa mizinga na shambulio moja, na Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa Pangani. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikimaliza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski pale Lugalo mwaka 1891, kikiwa safarini, kwa kukivizia porini. Akarudi nyuma ya kuta za mawe za ngome yake ya Kalenga, na mwaka 1894 kuta zikavunjwa. Alipoachana na kuta alidumu porini hadi 1898. Mmoja wa walioshambulia Kalenga alikuwa Tom von Prince, ambaye watu walimwita Bwana Sakarani. Huyohuyo aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, akiutetea mji usio na ukuta.

Ushahidi huo ni mzuri, ila una shimo: kuta za Abushiri na Mkwawa zilianguka mbele ya mizinga mikubwa. Adui asiyekuwa na mizinga, au anayeshindwa kuitumia vizuri, ni habari nyingine. Hapa ndipo Jasin inaingia, na naona ajabu kwamba watu wa mkoa huuhuu wanaisahau.

Jasin iko kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya. Januari 1915 Waingereza walikuwa wameweka pale ngome ndogo ya askari kutoka India, kama 300 hivi, wakajichimbia. Lettow akawaendea tarehe 18 na kombania tisa. Ngome ilishikilia hadi asubuhi ya tarehe 19, ikainua bendera nyeupe kwa sababu risasi zilikuwa zimekwisha. Kamanda wake, Kanali Raghbir Singh, alikuwa ameuawa. Mtu wa miguu atasema: umeona, walionasa shimoni wakatekwa. Ni kweli. Lakini tazama gharama ya aliyewateka. Lettow alipoteza watu zaidi ya 280, waliokufa na waliojeruhiwa, wakiwemo maofisa ambao hakuwa na wa kuwabadilisha, na risasi zipatazo 200,000. Alikuja kuandika kwamba kwa hesabu ile angeweza kupigana mapigano ya namna hiyo mara tatu tu zaidi. Tangu hapo aliacha kuziendea ngome, akageukia vita vya kuvamia na kutoweka. Shimo lililoanguka lilibadilisha vita nzima ya mshindi.

Basi mimi nasimama wapi? Nianze na shimo nililolichimba mwenyewe.

Nikiwa kuruta tulipelekwa kuchimba mahandaki kwenye mchanga uliochanganyika na mawe ya matumbawe. Sululu ikigonga jiwe la matumbawe mshtuko unapanda mpaka begani. Kila shimo la watu wawili, kina cha kifua, udongo umelundikwa mbele na kufunikwa majani mabichi. Tulimaliza jua likiwa utosini, viganja vimetoka malengelenge, tunasubiri kusifiwa. Afande hakuyatazama mashimo. Alipita katikati yetu, akaenda mbele kama hatua mia moja, huko tulikoambiwa adui atatokea, akalala kifudifudi. Kisha akaita: “Nani ananiona?”

Hakuna aliyejibu. Kati yetu na yeye palikuwa na kichuguu na michongoma, na tulikuwa tumechimba mahali ambapo mtu angetambaa hadi hatua thelathini bila kuonekana. “Mimi nawaona,” akasema, akahesabu vichwa kwa sauti, mmoja mmoja, hadi akafika changu. Tulifukia, tukaanza upya hatua kumi na tano kulia.

Tangu siku ile, swali la handaki au miguu naliona limeulizwa kabla ya wakati wake. Linakuja baada ya mtu kwenda kulala kwenye nyasi za adui na kutazama nyuma. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Lettow alifanya jambo hilohilo. Alishuka treni nje ya mji, akapanda baiskeli, akaingia Tanga gizani na kwenda upande wa maadui kuona wamekaa wapi. Kwa kuiona ardhi ndipo alipojua mtaro wa reli utabeba nini na ubavu upi utakuwa wazi. Aitken alikuwa na watu mara nane, lakini hakutuma doria za kutosha kuijua ardhi aliyokuwa anawapeleka watu wake. Walioteremka melini wakiwa wamechoka na bahari waliingia kwenye minazi kama kipofu kwenye nyumba ya mwingine.

Kwa hiyo kwa kikosi kidogo ninaunga mkono handaki, kwa sharti. Lichimbwe mahali panapomlazimisha adui apoteze saa moja, si mahali panapopendeza kukaa. Risasi ziwekwe za kutosha, maana Jasin haikushindwa na mashimo yake. Na theluthi moja ya watu wasiingie humo kabisa. Wakae nyuma, njia ya kutokea wameipita kwa miguu mchana na usiku. Askari wengi wa Lettow mwaka 1914 walibeba bunduki za mtindo wa 1871 zenye baruti ya moshi mzito. Ukifyatua mara tatu umeshaonyesha ulipo. Kwa watu wa namna hiyo kuwa na shimo moja tu ni hatari, inabidi pawe na mahali pa pili pa kuhamia.

Kuna jambo linaniuma katika mjadala huu. Kwa wengi vita hii ni vita ya nyuki. Nyuki walikuwepo, waliwauma watu vibaya, lakini waliuma pande zote. Lettow mwenyewe aliandika kwamba nyuki haohao walinyamazisha baadhi ya bombomu zake. Tukisema nyuki ndio walioilinda Tanga, tunafuta kazi ya askari Waafrika waliolala mtaroni tangu asubuhi ya kwanza. Walikuwa watumishi wa mkoloni, ndiyo, na hilo tusilifiche. Ila ujuzi wa kushika mahali wakiwa wachache ulikuwa wao.

Hata hivyo upande wangu pia una jambo usiloliweza, nalo lilitokea jioni hiyohiyo ya ushindi. Baada ya Waingereza kukimbia, tarumbeta ilipigwa na kueleweka vibaya, kombania zikadhani zimeamriwa kurudi. Zikaondoka mstarini zikaenda kambini magharibi ya mji. Handaki lilikuwepo, akiba ilikuwepo, ardhi ilikuwa imepimwa kwa baiskeli. Kwa saa kadhaa za usiku ule Tanga ilikuwa karibu tupu, na Waingereza, waliojibana ufukweni Ras Kazone, hawakutuma mtu kuangalia.